Esansi Ndiyo Inayotuchagulia Gari

Hapa Lubumbashi mtu akinunua gari, majirani huuliza kwanza bei, kisha huuliza linakula mafuta kiasi gani. Kwangu mimi swali la pili ndilo zito, kwa sababu bei hulipwa mara moja, ilhali esansi hulipwa kila asubuhi.

Wamarekani wengi hawakulijali swali hilo kabla ya Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zilipowawekea vikwazo vya mafuta, bei ya pipa ilipanda katika miezi michache kutoka takriban dola 3 hadi karibu 12, na magari madogo kama Honda Civic, iliyokuwa imetoka mwaka 1972, yakaanza kutafutwa. Mwaka 1975 sheria ikawalazimu watengenezaji kupunguza ulaji wa mafuta; lakini bei ilipoporomoka mwaka 1986 wanunuzi walisahau upesi, na katika miaka ya 1990 wakakimbilia magari makubwa ambayo sheria hiyo iliyahesabu kuwa malori mepesi na kuyalegezea masharti.

Sisi hatukupata nafasi ya kusahau. Mafuta yakiwa bado ghali, bei ya shaba ilianguka kati ya 1974 na 1975, na shaba ndiyo iliyoulisha mji huu na Zaire nzima, yaani Kongo ya leo.

Leo tunaendesha Toyota ndogo, Vitz na IST, zilizotumika Japani, ambako kodi ya gari ya kila mwaka hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa. Mjapani aliyechagua injini ya lita 1.3 ili kupunguza kodi yake ametuchagulia na sisi, na namshukuru kwa dhati, hasa nikimfikiria dereva wa teksi ambaye jioni humkabidhi mwenye gari hesabu ya siku kabla hajajua kama yeye mwenyewe amebakiwa na kitu.

Hata hivyo, udogo wa injini pekee hautoshi. Plagi zilizochoka, chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu na magurudumu yenye upepo mdogo huongeza ulaji. Kabla ya kulilipia gari, jaza tenki hadi pampu ikate yenyewe, nenda Likasi, kilomita zipatazo 120, kisha ujaze tena vivyo hivyo na ugawanye kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Rudia kipimo hicho mjini, saa za msongamano, maana humo ndimo gari litakamoshinda siku nyingi.