Mashua Mchangani, Kilwa Kisiwani

Nani anamsubiri nani? Ndivyo nilivyomuuliza nahodha alipotaja elfu kumi ya kusubiri, nami nimekaa naye pale pale mchangani chini ya jumba la kale la Husuni Kubwa, mashua imelala ubavu, na bahari iko kulee.

Nikiri, kosa langu. Tulivuka kutoka Kilwa Masoko saa moja asubuhi, kibali mfukoni, na mzee akanionya: "Mwanangu, leo bamvua, maji yatakupwa mbali sana. Saa tatu tuwe tumeondoka." Gereza, ile ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1505, niliipitia mbiombio. Msikiti Mkuu nikapiga picha za nguzo, basi.

Lakini Husuni! Jumba la Sultani al-Hassan bin Suleiman, vyumba zaidi ya 100, juu ya jabali linalotazama bahari. Kuna birika la pembe nane. Nililizunguka nikizihesabu, nikarudia, nikapitisha kidole kwenye jiwe la tumbawe lililochongwa karne ya 14. Huyu bwana alikuwa na birika. Mimi gesti ya elfu thelathini nimepewa ndoo yenye ufa!

Nilipotoka, saa nne. Nikajitia ushujaa wa kusukuma mashua. Tope likanimeza hadi magotini, likabaki na ndala ya kushoto. Nikapapasa, nikaibuka na kaa. Mzee hakucheka. Alifungua gazeti, akatoa muhogo wa kuchoma, akanimegea nusu.

"Kwenu wapi?"

"Tabora, mzee."

"Huko hakuna mambo ya kale?"

Nikamtajia tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872.

"Ndani likoje?"

Nikatafuna muhogo. Utoto wangu wote nimelipita lile tembe kwa baiskeli nikienda kwa shangazi, sijawahi kuingia hata siku moja. Na huku nimekaa kwenye mabasi siku mbili, magoti kifuani, kuja kuhesabu pembe za birika la watu.

Maji yalirudi polepole, kwanza kwenye mikoko, kisha yakaanza kulamba mkuku. Karibu saa nane mashua ikatikisika. Mzee akashika upondo.

"Na ile elfu kumi?" nikauliza.

Akaitazama miguu yangu. "Toa tano. Ndala umeshaiacha."