Hotidogi yenye rojo la nyama: nilivyoipika nyumbani Dodoma

Rojo la juu ya hotidogi lina kazi ngumu: likae juu ya soseji bila kuteremka, na mkate usilowe mpaka umalize kula. Mchuzi wetu wa nyama ya kusaga, ule wa kulia wali au tambi, hauiwezi kazi hiyo. Una mabonge ya nyama, mafuta yanaelea juu, na maji yake yanauwahi mkate kabla hujaufikisha mdomoni. Watoto wa dada yangu walipokuja kukaa nasi Ipagala likizo ya Juni na kuomba hotidogi "yenye nyama juu" kama waliyoiona kwenye simu, niliamua kupika rojo hasa, la kutulia kwenye mkate, kwa vitu vya masoko yetu ya hapa Dodoma. Vyote vilipatikana. Nitakaa zaidi kwenye nyama, maana kazi yote iko hapo.

Chakula hiki kina wenyewe. Kilikulia Marekani, katika jimbo la Michigan, mikononi mwa wahamiaji waliotoka Ugiriki na nchi za Balkani mwanzoni mwa karne ya 20. Katikati ya jiji la Detroit kuna migahawa miwili inayouza hotidogi za namna hii, imepakana ukuta kwa ukuta: American Coney Island, unaohesabu umri wake tangu 1917, na Lafayette Coney Island. Wenyeji wanabishana mpaka leo ni upi unapika vizuri zaidi. Kilichonisaidia mimi kilikuwa tofauti kati ya Detroit na mji jirani wa Flint. Rojo la Detroit lina majimaji kidogo. La Flint ni kavu, nyama yake imesagwa ndogo kabisa, na kwa desturi hutiwa moyo wa ng'ombe uliosagwa. Ukienda Cincinnati, jimbo la Ohio, unakuta mdalasini ndani ya rojo na kilima cha jibini juu yake. Texas, ambako bunge la jimbo lilitangaza mwaka 1977 kwamba chili, yaani rojo la nyama na pilipili, ndiyo chakula rasmi cha jimbo, kuna wapishi ambao ukitia maharage tu hawakuhesabu tena kama mpishi.

Nikachagua njia ya Flint. Rojo kavu hukaa lilipowekwa, na moyo wa ng'ombe upo kwenye bucha zetu, watu wanaupita wakikimbilia maini.

Asubuhi ya Ijumaa nikaenda soko la Majengo. Niliomba steki robo tatu na moyo robo, vyote visagwe pamoja.

"Dada, moyo nao nisage?" muuza nyama akauliza.

"Saga, kaka yangu. Ila uondoe kwanza ile mishipa migumu na ngozi nyeupe, halafu upitishe mashineni mara mbili."

Hiyo mara mbili msiiache. Ng'ombe wetu wa huku wengi ni wa asili, wamekua wakitembea kutafuta malisho na maji, kwa hiyo nyama yao ina ladha nzito lakini nyuzi zake ni ngumu na mafuta ni machache. Ikisagwa mara moja inabaki na nyuzi zinazokwama kwenye meno. Ikipita mara ya pili inakuwa chembe ndogo kama chenga za mchele, na ndicho tunachokitaka. Niliomba pia aongeze kipande kidogo cha mafuta, kwa sababu moyo hauna mafuta ya kutosha na rojo lisilo na mafuta kabisa linakuwa kama vumbi mdomoni.

Vitunguu nilichukua vya Singida, vyekundu, vile vilivyokauka vizuri shingoni. Viungo nilipata hapo hapo sokoni: bizari nyembamba nzima, paprika, mdalasini, na pilipili ndefu nyekundu zilizokaushwa. Pilipili ndiyo inayohitaji akili, maana kulikuwa na watoto. Nilizipasua, nikatoa mbegu pamoja na zile nyuzi nyeupe za ndani. Wengi huogopa mbegu, kumbe ukali umejikusanya kwenye nyuzi. Kisha nikazipasha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka zikanukia, nikasaga pamoja na bizari. Ukifanya hivyo unapata harufu na rangi ya pilipili bila kumliza mtoto. Anayetaka moto zaidi atakatiwa pilipili mbuzi pembeni. Pilipili kichaa sikuitia humo, na sishauri, kwa sababu ukali wake unafunika ladha ya nyama yote.

Sasa jikoni. Nyama hii haikaangwi. Niliiweka kilo nzima ndani ya sufuria ikiwa baridi, nikamimina lita moja ya maji baridi, nikaingiza mkono msafi na kuivuruga mpaka maji yote yakawa mekundu na hakuna bonge hata moja lililobaki. Hapo ndipo nikawasha moto. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, akasimamisha ungo.

"Mwanangu, nyama inaanzaje na maji ya baridi? Si ukaange kitunguu kwanza, harufu itoke?"

"Ni kweli mama, kwa mchuzi ningekaanga. Hii nataka chembe zake zisishikane."

Sababu yake ni hii. Nyama ya kusaga ikigusa mafuta ya moto inajikaza papo hapo na chembe zinagandana, na ukishapata bonge utalivunja kwa mwiko mpaka mkono uchoke, halitarudi kuwa laini. Ikianza kwenye maji baridi, kila chembe inaiva ikiwa peke yake. Povu litapanda maji yakianza kuchemka, liondoe kwa kijiko, kisha punguza moto.

Baada ya hapo nikatia vitunguu viwili vikubwa nilivyovikwaruza kwenye kikwaruzo (vikikatwa vipande vinaonekana na vinavunja ule ulaini), punje sita za kitunguu saumu zilizopondwa, vijiko vitatu vya mezani vya nyanya ya kopo, vijiko viwili vya paprika, kijiko kimoja cha bizari, kijiko kimoja cha chai cha ile pilipili niliyosaga, chumvi vijiko viwili vya chai, na mdalasini robo kijiko cha chai. Mdalasini usiuzidishe. Ukiusikia waziwazi, umezidi. Kazi yake ni kuipa nyama uzito kwa chini. Nyanya fresh sikutumia kwa sababu zina maji mengi, na maji ndiyo ninayoyakimbia.

Sufuria ikakaa wazi, moto mdogo, rojo likitokota polepole. Mapishi mengi ya huko yanasema saa moja. Kwangu lilichukua saa moja na nusu, na sikushangaa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo nyama ngumu inataka muda wa ziada. Usiongeze moto ili kuwahi, litaungua chini wakati juu bado lina maji. Koroga kila baada ya muda, ukikwangua chini.

Utajuaje liko tayari? Pitisha mwiko katikati ya sufuria ukigusa chini. Njia ikijifunga mara moja, bado. Ikikaa wazi kidogo kabla rojo halijarudi, umefika. Likiwa jepesi bado na muda umekwisha, wapishi wa Texas huongeza kijiko cha unga wa mahindi. Wa kwao mahindi yake hulowekwa kwenye maji ya chokaa kabla ya kusagwa, ila sembe yetu ilifanya kazi vizuri. Mama mkwe ndiye aliyeuchukua mchezo hapo: akachanganya kijiko kimoja cha sembe na maji baridi kwenye kikombe, akamimina huku mimi nakoroga. "Unga mkavu usiutie kwenye moto, utapata madonge," akasema. Uache uive kama dakika kumi na tano, ule ubichi wa unga uishe. Mwisho kijiko kimoja cha siki na kijiko kimoja cha haradali ya chupa, zima moto.

Na hapa naomba mnisikilize: msile siku hiyo. Rojo likishapoa liwekeni kwenye friji usiku kucha. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu. Toeni sehemu, bakizeni kidogo. Viungo vyenyewe navyo vinakuwa vimeingia. Niliyoonja Ijumaa usiku na niliyopasha Jumamosi mchana ni vitu viwili tofauti, na ningeulizwa ni hatua gani ya kuchukulia kwa uzito kuliko zote baada ya maji baridi, ningeitaja hii.

Mikate nilioka mwenyewe. Skonzi za dukani ni tamu mno kwa nyama, na nyingi ni za mviringo. Nilitumia unga wa ngano nusu kilo, maziwa ya uvuguvugu robo lita, yai moja, siagi gramu 50, sukari vijiko viwili, chumvi kijiko kimoja cha chai na hamira pakti moja ndogo. Kanda dakika kumi mpaka donge livutike bila kukatika. Kwa kiangazi cha Dodoma, hewa ni kavu na upepo hautulii, donge lililoachwa wazi linaota ngozi ngumu juu. Lifunike kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Likiumuka na kuwa maradufu, gawa mara kumi, viringisha kila moja iwe ndefu kuzidi soseji kidogo, maana mkate ukiiva hujivuta. Panga kwenye trei karibu karibu, zikiumuka zigusane ubavuni. Pale zinapogusana hapaungui, panabaki laini. Oveni nyuzi 190, kama dakika kumi na saba, hadi rangi ya dhahabu. Kwa watu wengi nilikanda donge mara mbili.

Wakati wa kula, pasha mkate kwa mvuke: weka chujio la chuma juu ya sufuria yenye maji yanayochemka, mikate ndani, funika, dakika moja tu. Migahawa ya Michigan nayo hupasha kwa mvuke, na kwa ukavu wa hewa yetu naona sisi ndio tunaohitaji zaidi. Pasua kwa juu, sio ubavuni, ili mkate uwe kama mtumbwi wa kubeba rojo.

Soseji nilinunua za ng'ombe. Wageni wetu ni Wakristo na Waislamu, kwa hiyo nilisoma pakti vizuri na kuhakikisha ni halali, kila mtu ale kwa amani. Soma pia kama zimeshapikwa kiwandani au ni mbichi. Ziyeyushe barafu kwenye friji, zitie kwenye maji ya moto yasiyotokota kwa dakika kumi, kisha zipitishe kwenye kikaango chenye mafuta kidogo ya alizeti zipate rangi. Ukizikaanga moja kwa moja zikiwa mbichi, ngozi inapasuka kabla ndani hakujaiva.

Kupanga ni haraka: mkate, soseji, vijiko viwili vya rojo la moto, mstari wa haradali ya njano, na kitunguu kibichi kilichokatwa vidogo. Kitunguu nilikisuuza mara moja kwa maji baridi bila chumvi. Kwa kachumbari tunakiosha na chumvi kinalegea, lakini hapa kinatakiwa kilie kwenye meno. Jibini sikuweka. Kijana wetu mmoja aliomba nyanya na tango juu yake, nikampa; alikula tatu.

Kilo moja ya nyama ilitosha hotidogi zaidi ya ishirini. Rojo lililobaki linakaa siku tatu kwenye friji, au miezi miwili likigandishwa kwenye vikopo vidogo, na linafaa kujaza sambusa pia kwa kuwa limeshakauka.

Wifi yangu aliyeko Kondoa hana oveni, ana jiko la mkaa. Nilimwambia afanye hivi: sufuria nzito aliyoipaka mafuta, mikate apange humo iumuke, kisha aweke kwenye jiko lenye makaa machache, afunike kwa mfuniko bapa wa bati na kuweka makaa mengi zaidi juu yake. Baada ya dakika kumi afunue aangalie. Juu kukiwa kumeshika rangi na chini bado, apunguze makaa ya juu na kuyarudisha chini. Rojo lenyewe jiko la mkaa linalipika vizuri kuliko gesi, mradi makaa yawe yameshafunikwa na jivu kabla hajabandika sufuria.