Nilivyochagua mashine ya mtumba ya kujaza risasi badala ya kuongezea niliyokuwa nayo

Mimi ni Mkenya, naishi Texas, na hupiga mashindano ya bastola ya USPSA, chama cha mchezo wa kulenga shabaha cha Marekani. Siku moja ya mashindano hula risasi 150 au zaidi, na hapo sijataja mazoezi. Kwa miaka kadhaa nilijaza risasi zangu za 9mm, yaani kuyaunda upya maganda yaliyokwisha kupigwa, kwa mashine ya Lee Classic Turret, ile yenye kichwa kinachozunguka na kalibu nne (vyuma vinavyofanya kila hatua ya kuunda risasi). Ni mashine nzuri, ila kila risasi unavuta mpini mara nne. Ukienda bila kubabaika, saa moja inakupa risasi kati ya 150 na 200. Mwindaji wa paa angejazia msimu mzima kwa jioni moja. Mimi nilikuwa nikimaliza Jumamosi nzima gereji.

Kabla sijaendelea, ndugu mlioko nyumbani: Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila leseni ni kesi, na si kesi ndogo. Hapa Marekani sheria ya serikali kuu haidai leseni kwa risasi unazojijazia mwenyewe. Leseni inaanza ukifanya biashara. Lakini mwenye viza ya mwanafunzi au ya matembezi kwa kawaida hata kumiliki risasi haruhusiwi, mpaka awe na mojawapo ya misamaha iliyotajwa kwenye sheria. Mimi nilianza baada ya kupata grini kadi.

Basi, fedha ziende wapi? Njia ya kwanza ilikuwa kuiongezea ile ya zamani: kipimio bora cha baruti, kifaa cha kupachika fataki (kile kidude cha kitako cha ganda kinachowasha baruti) kwa haraka, vichwa vya akiba vya kushikilia kalibu. Nilipopiga hesabu niliona kila nyongeza ingenipunguzia dakika chache, na mivuto minne ingebaki minne, kwa sababu mashine hiyo inashughulikia ganda moja tu kwa wakati. Mashine ya aina inayoitwa progresivu imejengwa kinyume chake. Sahani yake inabeba maganda kadhaa, kila moja likiwa katika hatua yake: hili linatolewa fataki iliyokwisha, lile linatiwa baruti, jingine linawekwa kichwa cha risasi. Mvuto mmoja, risasi moja imekamilika. Hilo hulinunui kwa vipuri.

Njia ya pili ilikuwa kununua progresivu mpya, XL 750 ya kampuni ya Dillon, na ya tatu ni ya mtumba. Mpya, ukijumlisha kifaa cha kulisha maganda na kalibu, ilikuwa inagusa dola 1,000. Mtumba nilizoziona zilikuwa za aina mbili, RL 550 na XL 650, zote za Dillon, na hapa ndipo nilipokaa sana.

550 ina vituo vinne na sahani unaizungusha mwenyewe kwa kidole. Wengi wanaipenda kwa sababu ni rahisi kuibadilisha kutoka aina moja ya risasi hadi nyingine. Ubaya wake uko kwenye kidole hichohicho: mtoto akikuita, ukasahau kuzungusha, ganda lile lile linaweza kutiwa baruti mara mbili. Katika 9mm, baruti ya kasi kama Titegroup ni kidogo sana ndani ya ganda, hivyo dozi mbili zinaingia bila kumwagika, na bastola inaweza kupasuka mkononi. 650 ina vituo vitano na sahani inajizungusha yenyewe. Kituo cha ziada unaweza kuweka kifaa cha kukagua kiasi cha baruti, kinacholia kikiwa kimezidi au kimepungua. Kwa kuwa mimi hujaza 9mm peke yake, urahisi wa kubadilisha haukuwa na faida kwangu. Nikaamua 650.

Mwenzangu kutoka Tanga, ndiye aliyenitia kwenye mchezo huu, alinipa ushauri mmoja: "Ndugu yangu, mwambie akutandikie kila kidude mezani kabla hujataja bei." Na kweli, bei ya mtumba ni ya chuma, lakini vinavyokosekana ndivyo vinavyokula mfuko: sahani ya saizi yako, kichwa cha kalibu, mirija ya fataki, vipini vidogo vinavyoshikilia ganda. Vifaa vya kubadilishia vya 550 haviingii kwenye 650, hivyo usidanganyike na boksi lililojaa. Nilitikisa nguzo kuona kama inacheza, nikaangalia kutu, nikakagua gurudumu la fataki. Kwenye 650 gurudumu hilo huzunguka kila mvuto hata kama hakuna ganda, na fataki isiyotumika hutelemka pembeni. Ndicho walichobadilisha kwenye 750. Mimi hakinikeri.

Kilichonitoa hofu ya mtumba ni dhamana. Dillon hutengeneza au hubadilisha sehemu zisizo za umeme za mashine hizi maisha yote, hata kama wewe si mnunuzi wa kwanza. Mota za umeme hazimo, na mashine zao kubwa za kibiashara zina masharti yake. Nililipa dola 700, kifaa cha kulisha maganda kikiwemo.

Kipimio kilikuja na baruti ya mwenye mashine wa zamani ndani yake. Niliimwaga yote. Baruti isiyo kwenye kopo lake haina jina, na haijalishi mwenyewe anaapa ni ipi. Nikasafisha, nikaifunga kwenye meza nzito, nikapitisha maganda matupu bila fataki wala baruti mpaka mkono ukazoea. Baada ya hapo kila dozi ya mwanzo ilikwenda kwenye mizani kabla sijaiamini mashine.

Kazi iliyobaki ni ya maganda. Ya kuokota uwanjani huja yamechanganyika na ya .380, risasi nyingine ya bastola yenye maganda mafupi kwa milimita mbili hivi, na yale ya kijeshi yenye tundu la fataki lililobanwa. Ganda moja la namna hiyo linasimamisha mashine yote, kwa hiyo nachambua kabla ya kumimina. Ile Lee sikuiuza. Huitumia kujaza risasi kumi kumi ninapojaribu kichwa kipya cha risasi chenye uzito tofauti, kazi ambayo 650 inaifanya kwa usumbufu.