Dizeli imepungua chupani: imeliwa au imepaa?

Ukitaka bakteria wanaokula mafuta, nenda ufukwe wa Kisumu pale magari yanapooshwa ukingoni mwa ziwa. Acinetobacter, Pseudomonas na Rhodococcus wapo karibu kila penye maji na udongo, na panapomwagika mafuta huzidi kuwa wengi. Kuwapata si kazi. Kazi ni kuonyesha kwamba ni wao waliopunguza dizeli, na hapo ndipo miradi mingi ya wanafunzi inapokwama.

Chotea kwa chupa ya glasi, maana plastiki hunyonya mafuta. Chukua maji ya juu pamoja na tope la sentimita moja au mbili za mwanzo, weka kwenye kasha la barafu na uanze kazi ndani ya saa 24. Vaa buti za mpira na glavu: kichocho cha Ziwa Victoria hakiulizi kama umekuja kuogelea au kufanya sayansi.

Wengi huwalisha kwa mchanganyiko wa madini wa Bushnell-Haas. Lita moja hubeba magnesiamu salfeti gramu 0.2, kalsiamu kloridi 0.02, potasiamu dihidrojeni fosfati 1, dipotasiamu hidrojeni fosfati 1, amoniamu nitrati 1 na feri kloridi 0.05, pH ikiwa 7. Hakuna kaboni humo, ili anayetaka kuishi ale dizeli. Ukishauchemsha kwa presha, nyuzi 121 kwa dakika 15, utaona unga wa manjano umetuama. Ni fosfati iliyoshikana na chuma na kalsiamu. Usiumwage, tikisa tu. Dizeli yenyewe usiichemshe hata kidogo. Ipitishe kwenye chujio la PTFE (plastiki isiyoharibiwa na mafuta) la mikromita 0.2.

Sasa kipimo cha dizeli. Mazoea ni asilimia 1, na mimi naona ni nyingi mno. Mililita 10 katika lita zina kama gramu 7.2 za kaboni, ilhali nitrojeni ya mchanganyiko ule ni gramu 0.35, yaani sehemu 20 kwa 1. Bakteria hawa kwa kawaida hupangiwa 10 kwa 1. Weka asilimia 0.5 na hesabu inakaa sawa.

Oksijeni ndiyo inayowaangusha wengi. Gramu moja ya dizeli huhitaji takribani gramu 3.4 za oksijeni ili iishe kabisa. Chupa ya koni ya mililita 250 yenye mililita 100 za maji ina hewa ya mililita 150, ambayo oksijeni yake ni gramu 0.04 hivi. Ukiiziba kwa kizibo cha mpira, bakteria watamaliza kama miligramu 12, na wewe umewawekea 420. Watakwama, nawe utaandika kwamba hawana uwezo. Ukiiziba kwa pamba, hewa inaingia vizuri, lakini sehemu nyepesi za dizeli zinapaa. Kwa chupa hizi ni vigumu kukwepa yote mawili, kwa hiyo ziba kwa pamba, kisha upime kilichopaa.

Ndiyo maana chupa za kulinganishia si mapambo. Panga moja yenye bakteria na dizeli, nyingine ya dizeli bila bakteria, ya tatu ya bakteria bila dizeli, na ya nne yenye tope lililochemshwa kwa presha, kwa sababu tope nalo hunyonya mafuta. Kila aina iwe na chupa tatu kwa kila siku ya kupima. Zote zitikiswe mizunguko 150 kwa dakika kwenye nyuzi 28 hadi 30. Baada ya siku saba hamishia mililita 5 kwenye mililita 95 mpya, na urudie mara tatu au nne. Chupa ya kwanza isikupe moyo hata ikivurugika kabisa: bado ina tope na vyakula vya ziwani.

Siku ya kupima usinyonye sampuli kwa pipeti, maana mafuta yanaelea. Mimina heksani, kiyeyushi cha mafuta, ndani ya chupa nzima; chupa hiyo haitumiki tena. Kwenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha na kupima kemikali moja moja, linganisha heptadekani (mnyororo ulionyooka) na pristani (mnyororo wenye matawi), zote zikiwa ndani ya dizeli. Hizi mbili hupaa kwa mwendo unaokaribiana, lakini bakteria hupenda mnyororo ulionyooka, hivyo huanza na heptadekani. Uwiano wake na pristani ukishuka, imeliwa. Dizeli ikipungua na uwiano ukabaki palepale, bado huna ushahidi.

Rangi ya DCPIP, inayotoka bluu na kuwa haina rangi bakteria wanapokula mafuta, inafaa tu kwa kuwachagua haraka wanaoelekea kuwa walaji. Ikigeuka waridi, asidi imezidi. Pima pH kwanza.

Baadaye usirudishe chochote ziwani. Pseudomonas aeruginosa ni mla mafuta mzuri, na pia hushambulia vidonda na mapafu ya wagonjwa. Chemsha kila chupa kwa presha kabla ya kuosha, ila toa dizeli iliyobaki kwanza na uiweke kwenye mtungi wa taka za kemikali.