Gari linazima likipata moto: jinsi nilivyoikamata sensa ya krenki

Asubuhi gari linawaka vizuri, likishapata moto linazima ghafla barabarani. Likipoa, linawaka tena. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha pampu ya mafuta, na hela inapotea bure.

Nilianza kwa kutazama geji ya mizunguko ya injini huku nikipiga starta. Injini inazunguka, mshale umelala kwenye sifuri, na plagi hazitoi cheche. Hapo nikaishuku sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka na lini itoe cheche. Mashine ya kupimia ikaleta kodi (namba ya hitilafu) P0335. Kodi hiyo ni ya saketi nzima ya sensa ya krenki, si lazima sensa yenyewe; hata waya uliokatika huileta. Nikakagua waya na soketi: viko salama.

Sensa hii ni ya waya mbili, ndani ina koili. Ikiwa baridi, mita ilisoma omu (kipimo cha ukinzani wa waya) vizuri. Gari lilipozima na moto wake nikachomoa soketi na kupima haraka: mita haisomi kitu. Joto lilikuwa linaachanisha waya mwembamba wa koili, ukipoa unagusana tena.

Nikafunga mpya, nikafuta kodi, na gari halizimi tena. Kama sensa yako ni aina ya Hall (ya kielektroniki, inayohitaji kuletewa umeme) yenye waya tatu, usiipime kwa omu; pima umeme unaoingia na ishara inayotoka.