Mafuta ya shea ya kupiga, yenye harufu ya chungwa

Kwa krimu hii ya kujipaka mwilini, pima gramu 150 za mafuta ya shea (mafuta mazito ya kokwa za mti wa shea), 50 za mafuta ya nazi na 50 za mafuta ya parachichi. Tumia mizani, vijiko hudanganya. Yeyusha shea na nazi kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji moto, moto mdogo, maji yasitokote. Epua, mimina parachichi, kisha weka bakuli kwenye friji mara moja. Shea ikipoa polepole juu ya meza huganda kwa chembechembe, na ukijipaka utadhani ni mchanga. Ikishatokea, yeyusha upya.

Itoe kingo zikiwa zimeganda na katikati kukibonyea kidole. Piga kwa mashine ya keki dakika 5 hadi 8, hadi iwe nyeupe na isimame. Ikibaki majimaji, haijapoa vya kutosha.

Harufu huja mwisho: mililita 2.5 za mafuta ya maganda ya chungwa tamu, yaani asilimia 1. Ya limau au ndimu yaliyokamuliwa bila moto huchoma ngozi juani, na jua la Nairobi si la mchezo. Juisi usiiguse kabisa! Maji yakiingia, ukungu hauko mbali. Hata kopo liwe kavu.

Nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Julai haina neno, ila kopo likiachwa kwenye gari Februari, povu lote hulala. Kwa msimu huo punguza nazi iwe 25, ongeza shea.