Nilivyojifunza kupika cha mtu mmoja

Nilikulia kwenye nyumba ya watu wanane, na mkono wangu ulizoea kupima humo. Nilipoanza kuishi peke yangu nilidhani ni hesabu rahisi tu: cha wanane ugawe kwa nane. Mkono ulikataa. Kila nikimimina mchele naona ni kidogo, naongeza konzi, kisha konzi nyingine nisije nikalala njaa. Jumatatu nala wali, Jumanne kiporo, Jumatano kiporo cha kiporo, Alhamisi kimechacha nakimwaga kwa aibu. Ijumaa nanunua chakula cha kufungiwa, chenye mafuta na chumvi ya kumtia kiu ng'ombe.

Nilianza kurekebisha mahali ambapo sikutegemea: kwenye sufuria. Chakula kidogo kwenye sufuria pana hutandaa, maji yanakauka haraka, na ukigeuka kuchukua nyanya kitunguu kimeshakuwa mkaa. Nilinunua sufuria ya lita moja na nusu na kikaango kidogo. Kisha nikapima mchele kwa mizani mara moja tu, gramu 80, nikaumimina kwenye kikombe kimoja cha zamani na kuchora mstari ulipofika. Tangu siku hiyo sibishani na mkono, nafuata mstari.

Nilijaribu pia ule mtindo wa kupika Jumapili chakula cha wiki nzima na kukipanga kwenye makopo. Kufika Jumatano nilikuwa siwezi hata kulitazama kopo. Kumbe tabu haikuwa kupika kingi, ilikuwa kupika kingi kilichokwisha kuungwa. Sasa napika kwa wingi vitu viwili tu, maharage na rojo la nyanya, na vyote naviacha vitupu.

Maharage naloweka nusu kilo usiku kucha, asubuhi namwaga maji na kuweka mapya. Yale mekundu nayachemsha kwa moto mkali dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu inayosokota tumbo, na moto wa polepole peke yake hauiondoi. Yakiiva nayagawa mafungu sita: moja naliacha kwenye friji, matano yanaingia friza. Hayana kitunguu wala chumvi. Fungu moja nitaliunga kwa tangawizi na rojo la nyanya, jingine nitalichanganya na ndimu na kitunguu kibichi likawa saladi, jingine litaingia kwenye supu ya karoti, jingine nitaliponda na kitunguu saumu nipake kwenye mkate. Ni maharage yaleyale, ila ulimi haujui. (Viazi vya mchuzi msiviweke friza. Vikiyeyuka vinakuwa kama sponji.)

Wali nao ulinipa somo lake. Niliwahi kuuacha jikoni usiku kucha, asubuhi nikaupasha hadi ukafuka moshi nikijua moto unaua kila kitu. Siku hiyo sikutoka nyumbani, na naamini ni ule wali. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto la chumba, bakteria hao huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Siku hizi wali uliobaki nautandaza kwenye chombo kipana upoe upesi, kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uive uko kwenye friji, na kesho yake naumaliza. Ila kwa ule mstari wa kikombe, haubaki mara nyingi.

Mboga ndiyo iliyonisumbua kuliko vyote. Fungu la majani ni kubwa kwa mtu mmoja, na hunyauka ukiliangalia. Nimejifunza kula kwa zamu ya kuharibika: siku za mwanzo majani, katikati ya wiki pilipili hoho na bilinganya, mwisho karoti na kabichi, ambavyo havina haraka. Njegere za kugandishwa nilizidharau kwa miaka, nikaacha niliposoma kwamba hugandishwa mapema baada ya kuvunwa, kwa hiyo hupoteza virutubisho vichache. Nikipakua, nusu ya sahani ni mboga, robo wali au viazi, robo maharage, yai, samaki au kuku. Sipimi zaidi ya hapo.

Chumvi nilikuwa naitia kwa vidole vitatu, kipimo cha watu wanane. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai kwa milo yote pamoja. Sasa natia mwishoni, kidogo, na nikiona chakula kimepooza nakamua ndimu kwanza. Wiki mbili za mwanzo kila kitu kilikuwa kama uji wa mgonjwa, baadaye ulimi ukazoea.

Kuna siku sitaki. Hakuna wa kusifia wala wa kununa, na ni rahisi kula umesimama, kijiko ndani ya sufuria. Siku hizo ni mayai mawili na mboga yoyote iliyobaki, dakika kumi, lakini lazima nipakue na nikae. Nikila nimesimama huwa narudi jikoni baada ya saa moja kutafuta biskuti.

Mwezi uliopita walikuja wageni watatu bila taarifa. Nikachukua kikombe, nikafuata mstari mara nne, nikagundua sufuria haitoshi. Wawili wakala kwanza, wawili tukasubiri awamu ya pili, na hata hiyo nayo haikutosha. Mkono umeshasahau.